Pangeni Masomo Yenu kwa Kalenda ya Mvua

(Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya mazingira, Kampala)

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioweza kufika, nanyi wanafunzi wapya: itifaki imezingatiwa. Hamjambo. Karibuni Kampala, hasa mliotoka mbali, Arua, Kasese, Busia, na wenzetu mliovuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga masomo ya digrii ya sayansi ya mazingira, na ninashukuru, maana ni jambo ninaloliwaza mara kwa mara kila nikikutana na vijana waliomaliza.

Wiki hii mnajaza fomu za usajili. Najua mnavyoulizana huko mabwenini: kozi ipi nyepesi, mwalimu yupi hukaza alama, karatasi ipi huwarudisha watu wengi. Hayo yana uzito wake. Alama zinafungua milango, na kurudia karatasi kunakula ada ya mzazi. Lakini kabla ya hayo yote naomba kila mmoja ajiulize: mvua itanyesha lini, na siku hiyo mimi nitakuwa wapi?

Huku kusini mwa Uganda, ukanda huu wa Ziwa Viktoria, mvua huja mara mbili kwa mwaka. Za kwanza ni Machi hadi Mei, za pili Septemba hadi Novemba, na mara nyingine hugusa Desemba. Ukienda kaskazini, hasa Karamoja, misimu hiyo miwili huungana ikawa mmoja. Sasa chukueni kalenda ya chuo muilaze kando ya kalenda ya mvua. Muhula wa kwanza unaanza Agosti na kwisha Desemba. Likizo ni Desemba na Januari. Muhula wa pili unakwenda hadi Mei au Juni, kisha yanafuata mafunzo ya vitendo ya Juni na Julai. Mmeona? Vipindi vyote viwili ambavyo mwanafunzi anapumua, ambavyo ana nafasi ya kwenda kupima kitu, vinaangukia kiangazi.

Matokeo yake ninayaona kwenye ripoti za mwaka wa tatu ninazopewa nizisome. Mtu ameandika kuhusu uchafuzi wa mto, amepima Januari, mto ukiwa mwembamba na mtulivu, kisha anahitimisha kuhusu mto wa mwaka mzima. Mwingine ameandika kuhusu mmomonyoko wa udongo bila kuona tone la mvua likigonga udongo ule. Si wavivu hao. Walipangiwa na ratiba, na hakuna aliyewaambia mapema. Ndiyo maana nimekuja kuwaambia leo, mwaka wa kwanza, wakati bado kuna la kufanya.

Hesabu yake ni hii. Digrii ya miaka mitatu ina misimu sita ya mvua. Miwili ya mwaka wa kwanza bado hamjui kupima. Wa mwisho kabisa, Machi hadi Mei ya mwaka wa tatu, mtakuwa mnaandika ripoti na kujiandaa na mitihani. Imebaki mitatu: miwili ya mwaka wa pili na ule wa Septemba wa mwaka wa tatu. Misimu mitatu tu ya kujifunza kazi mnayotaka kuifanya maisha yenu yote. Kwa hiyo pangeni kwa kurudi nyuma. Anzeni na ile Septemba ya mwaka wa tatu, mjiulize nikifika pale ninatakiwa niwe najua nini, kisha mteremke hadi kwenye fomu iliyo mkononi mwenu sasa.

Ukifanya hivyo kwa dhati utagundua kwamba masomo yanayokimbiwa ndiyo yanayohitajika mapema. Takwimu na kemia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Chukueni mfereji wa Nakivubo. Unakatiza mji, unabeba maji ya barabarani, ya viwanda, ya masoko, unapita kwenye mabaki ya ardhioevu yenye mafunjo, na kumwaga kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, katika Ziwa Viktoria. Kwenye ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, ndipo inapovutwa sehemu kubwa ya maji ya bomba yanayonywewa Kampala. Maji machafu na maji ya kunywa yanakutana katika ghuba moja, na kilichokuwa kikiyatenganisha kwa miaka mingi ni mafunjo yale, ambayo yamekuwa yakilimwa viazi na magimbi na kujengwa. Sasa tuseme wewe unataka kujua mfereji ule unabeba uchafu kiasi gani.

Kipimo cha kawaida ni kile cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu vinavyokula uchafu ndani ya maji, kinachojulikana maabara kama BOD. Unajaza chupa yako mpaka juu, usiache hata povu dogo. Unapima oksijeni iliyoyeyuka siku hiyo. Unaifungia chupa gizani, kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, kwa siku tano, halafu unapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo jibu. Inaonekana nyepesi. Lakini maji ya Nakivubo ni mazito. Ukiyaweka kama yalivyo, oksijeni itakwisha kabla ya siku ya tano, na utakaposoma utakuta sifuri. Sifuri hiyo haikuambii uchafu ni mara mbili au mara kumi. Inakuambia tu kwamba kazi yako imeharibika na mvua uliyoisubiri imeshapita. Kwa hiyo maji yanazimuliwa kwanza, tena kwa viwango kadhaa, na kujua viwango hivyo ni kemia ya mwaka wa kwanza, ile ambayo mwenzako anakushauri uisome kwa kubahatisha upate 50 uende zako.

Halafu kuna suala la siku. Ukichukua sampuli Jumatatu, siku ya tano ni Jumamosi. Ukichukua Jumanne, ni Jumapili. Kama maabara yenu hufungwa wikendi, umebakiwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Na sampuli haikai: inawekwa kwenye kasha la barafu na kufikishwa maabara siku hiyohiyo, mapema kadiri unavyoweza, kwenye foleni ya magari mnayoifahamu au nyuma ya boda boda. Sasa rudini kwenye ratiba. Mwanafunzi aliyejipangia vipindi kila asubuhi ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa amejifungia mfereji mwenyewe, muhula mzima, bila kujua. Mkipata nafasi ya kuchagua kundi la mazoezi au kozi ya hiari, acheni asubuhi mbili kati ya hizo zikiwa wazi. Nasema mbili kwa sababu mvua haiji kwa miadi.

Na mvua yenyewe ina tabia zake. Ile ya kwanza baada ya kiangazi huzoa kila kilicholala barabarani na kwenye mitaro kwa wiki kadhaa: mafuta, vumbi, takataka, kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Ukichota maji mwanzoni mwa mafuriko utapata namba kubwa mno. Ukichota saa mbili baadaye, maji mengi yameshauchanganya uchafu na kuupunguza ukali. Mahali hapohapo, siku hiyohiyo, majibu mawili tofauti kabisa. Lipi ni la kweli? Yote mawili. Na bila takwimu hutajua la kufanya nayo. Takwimu ndiyo inayokufundisha sampuli ngapi zinatosha, wastani unaficha nini, na tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati ya siku. Lakini watu wengi huisoma takwimu kwa ajili ya mtihani, wakaisahau, na mwaka wa tatu wanamlipa mtu wa pale kwenye maduka ya fotokopi awachambulie namba zao. Jambo hili linaniuma. Namba ni zako, umelowa kwa ajili yake, halafu maana yake unaelezwa na mtu ambaye hajui mfereji uko wapi. Programu ya takwimu ya R ni ya bure. Anzeni kuitumia mwaka huu, hata kwa mazoezi madogo.

Kuna mfano mwingine unaonyesha kwa nini namba za msimu mmoja hazitoshi. Mtakumbuka Mei 2020, wakati wa korona, Ziwa Viktoria lilipanda likafunika magati na kuingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni. Watu walisema halijawahi kutokea. Lakini kimo cha maji ya ziwa kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Mwaka 1964, pia mwezi wa Mei, kipimo cha Jinja kilifika mita 13.41. Mwaka 2020 kilifika mita 13.42. Tofauti ni sentimita moja. Ziwa lilikuwa limerudi mahali lilipowahi kufika, ila safari hii lilikuta tumejenga. Aliyekuwa na rekodi ndefu mkononi alilijadili jambo hilo kwa utulivu na kwa usahihi. Aliyekuwa hana, alibaki na hofu na uvumi.

Ndiyo maana kuhusu mafunzo ya vitendo, yale ya Juni na Julai mwishoni mwa mwaka wa pili, ushauri wangu ni huu: nendeni mahali penye kumbukumbu. Ninyi mtafika kiangazi, hilo hamwezi kulibadilisha. Lakini ofisi iliyopima maji kwa miaka 20 imeshawapimia mvua zote mlizozikosa. Kurugenzi ya rasilimali za maji ya Wizara ya Maji na Mazingira iko Entebbe. Maabara za shirika la maji zipo. Ofisi ya afisa mazingira wa wilaya yenu ipo, na mara nyingi ina majalada ambayo hakuna aliyeyafungua kwa muda mrefu. Mkipendelea wanyama na misitu, kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kanyawara, katika Hifadhi ya Kibale, na kuna kituo cha Budongo ambako sokwe wamefuatiliwa tangu 1990. Ila barua ziandikwe mapema, Januari au Februari. Anayetaka kufanya utafiti ndani ya hifadhi anahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na ndani ya msitu wa akiba anahitaji kibali cha Mamlaka ya Misitu. Kibali hakitolewi kwa sababu wewe umebakiza wiki mbili.

Picha za setilaiti zina kalenda yake, na hapa mambo yanageuka. Wale mtakaopenda GIS, yaani kazi ya ramani kwa kompyuta, mtaona kwamba mvua mnayoihitaji mtoni ndiyo adui wa picha. Aprili na Oktoba mawingu hufunika Uganda yote, unapakua picha unaona pamba tupu. Picha safi ni za kiangazi. Kwa hiyo likizo ya Desemba na Januari, wakati ambao mto hauna la kukuambia, kaeni na kompyuta. Picha za Landsat zimekuwapo tangu 1972, na za Sentinel-2 tangu 2015, kila nukta ikiwa na upana wa mita 10. Zote ni bure, na programu ya ramani ya QGIS ni bure. Mtu anaweza kukaa sebuleni kwa mama yake Kasese akaangalia barafu ya Ruwenzori ikipungua mwaka hadi mwaka. Anachohitaji ni data za intaneti na subira.

Jambo jingine la kuangalia kwenye fomu ni yuniti. Yuniti moja ni saa 15 kwa muhula, lakini saa mbili za maabara huhesabiwa kama saa moja. Kozi ya yuniti tatu yenye saa 30 za mihadhara na saa 30 za maabara inaandikwa saa 45, ilhali wewe utakaa saa 60. Ukijaza kozi tatu za namna hiyo katika muhula wa Septemba mwaka wa pili, umejimaliza. Gawanyeni.

Kuhusu kozi za hiari, nina maoni, na walimu wangu humu wanaweza kunipinga. Mimi nasema sheria iwemo. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 237 inaiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa, mito na ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Mazingira ya 2019 ndiyo inayoiongoza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, leo. Mtu akipima maji vizuri kisha asijue namba yake inavunja kanuni ipi, ripoti yake itaishia kabatini. Na sheria peke yake nayo haitoshi. Mwaka 2024 NEMA iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga katika ardhioevu ya Lubigi, hapa Kampala. Katika nyumba moja pana mtoto aliyekosa pa kulala, na pana maji yaliyokosa pa kupita. Anayesomea mazingira bila somo hata moja la jamii, la ardhi, la umaskini wa mjini, ataona upande mmoja tu wa nyumba hiyo.

Na Kiteezi, dampo la taka za Kampala. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka ulioanza kujengwa 1996 uliporomoka ukawafukia watu waliokuwa usingizini na majumbani mwao. Zaidi ya watu 30 walikufa. Naomba tulitazame jambo hili kama wanafunzi, kwa heshima ya waliopotea. Lina mteremko na uzito, ambavyo utavikuta kwenye jiolojia na udongo. Lina maji yaliyojaa ndani ya taka na gesi ya methani, ambavyo ni kemia na mikrobiolojia. Lina maswali ya sheria na ya mipango miji. Lina wanawake na vijana waliokula kwa kuokota plastiki pale kila siku. Hakuna kozi kwenye orodha yenu inayoitwa Kiteezi. Vipande vyake vimetawanyika katika idara nne au tano, na hakuna mwalimu atakayewaunganishia. Mtaunganisha wenyewe, kwa jinsi mnavyochagua.

Njia ninayoijua ya kuunganisha ni kuchagua mahali pamoja na kupang'ang'ania. Mwalimu wa udongo akikupa kazi ya kufanya, chukua udongo wa Lubigi. Mwalimu wa mimea akitaka orodha ya spishi, nenda Lubigi. Insha ya sheria, Lubigi. Zoezi la ramani, Lubigi. Utajifunza kwamba maji yake hayaji Ziwa Viktoria kama wengi wanavyodhani. Kampala imekaa kwenye mgongo unaogawa maji, na ya Lubigi yanaelekea kaskazini, Mto Mayanja na kisha Kafu. Utajua mtambo wa majitaka uko upande gani na barabara ya mzunguko wa kaskazini imeukata mkondo wapi. Utawajua wakata mafunjo kwa majina, na watakueleza mafuriko yalifika wapi mwaka ambao hakuna chombo kilichopima. Mkifika mwaka wa tatu, wenzenu watakuwa wanatafuta mada. Wewe utakuwa na misimu miwili ya data kwenye daftari, na msimamizi wako atakuuliza swali la maana badala ya kukuuliza utafanyia wapi.

Si lazima iwe Lubigi. Anayetoka Mbale ana miteremko ya Elgon, ambako Machi 2010 udongo wa Bududa uliteremka na kuua mamia. Anayetoka Hoima ana mafuta, na bomba la kilomita 1,443 linaloanzia kwao hadi Tanga. Anayetoka Kasese ana mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kando ya mto unaofurika. Chagueni mahali mnapoweza kufika kwa nauli mliyo nayo, na ambapo kuna mtu wa kuwapokea mvua ikiwakuta jioni.

Fomu zinakusanywa Ijumaa. Kabla hamjatia saini, muulizeni mratibu wa kozi mambo matatu: takwimu inafundishwa muhula gani, maabara hufungwa siku zipi, na kundi la mazoezi linabadilishwa hadi lini. Mwenye ratiba yake mkononi asiondoke baada ya maswali. Nitakuwa kwenye meza ile karibu na mlango, tuzipitie moja moja, hata tukichelewa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba tupokee maswali.